Halua ya Apolonia wa Lipangalala

Apolonia alizaliwa kijiji cha Mbingu, kwenye mashamba ya mpunga. Halua aliijulia Kidatu, mumewe alipokuwa mkata miwa na jirani yao akiwa Bi Zuhura, mwenyeji wa Pangani. Bi Zuhura alimfundisha kupika wanga, sukari, samli na iliki, akampa na sheria moja: mwiko ukishaingia sufuriani hausimami mpaka halua iive. Jina lenyewe, alimwambia, limetoka kwa Waarabu, na maana yake ni utamu tu.

Mumewe alipofariki, mwaka 1994, Apolonia alihamia Lipangalala na watoto wake, pamoja na mwiko mrefu aliopewa na Bi Zuhura. Alipoanza kupika halua ya kuuza, jirani yake Dorotea alimcheka waziwazi: Mkristo wa Mbingu na halua wapi na wapi? Apolonia alimjibu kwamba halua maana yake utamu, na utamu hauna dini. Akaendelea na kazi yake. Kazi halali haihitaji kelele.

Ndipo familia moja ya Mlabani ikamwagiza halua ya harusi, sinia zima. Ikipendeza, watoto wangepata riziki; ikiharibika, nani angemwamini tena? Siku ya kupika aliamka na homa. Akainjika sufuria hivyo hivyo, maana ahadi ni ahadi. Halua ilipoanza kuwa nzito, mkono ukagoma. Aliung'ang'ania mwiko kwa mikono yote miwili, machozi yakimtoka.

Dorotea alikuwa akipepeta mchele uani kwake. Aliweka ungo chini, akaja, akamsogeza kwa kiwiko na kuushika mwiko. Akaanza kukoroga.

Jasho lilipomlowanisha ndipo alipofungua kinywa. "Ulisema maana yake utamu. Mkono wangu unabisha, mwenzangu."

"Hata wangu ulibisha kule Kidatu," alisema Apolonia, amejilaza mkekani. "Koroga tu, dada. Usisimame."

Hakusimama, mpaka halua ikaachana na sufuria, iking'aa kwa samli.

Kwa desturi ya Bi Zuhura, kipande cha kwanza kilikuwa cha aliyekoroga. Kabla sinia halijaenda harusini, Apolonia alikata kipande kinene, akampa Dorotea kwa mikono miwili, akamshukuru mbele ya watoto. Kingine alikifunga kwenye jani la mgomba, akamkabidhi utingo wa basi la Kidatu ampelekee Bi Zuhura. Na walipokuja wateja wengine kuagiza, Apolonia aliwaambia wasubiri kidogo, akamwite mwenzake.