Siku Niliyomuua Afande Erisa kwa Herufi Moja

Kosa langu la mwanzo kabisa katika kazi hii ya programu lilikuwa kukubali kitu ambacho sikukisoma, na ninalisema mwenyewe mapema kabla hamjalisikia kutoka kwa watu wa Mbale, ambao wanalisimulia vizuri kuliko mimi na wanatia chumvi.

Mnajua sikusomea kompyuta popote, nilijifunza mwenyewe chumbani kwangu Jinja kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na mnajua nilivyo (naweza kurudi kutoka stendi kuhakikisha nimefunga mlango ambao tayari nimeuhakikisha mara mbili). Kwa hiyo chama cha askari na maafisa wa magereza wastaafu, chenye matawi Jinja na Mbale, kiliponiomba niwatengenezee programu ya kuita majina badala ya daftari lao kubwa, nilikonda kwa wasiwasi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kwa watu nisio na undugu nao. Mwenyekiti wao, afande mstaafu wa magereza anayesema Kiswahili hata na kuku wake, alisema tutajaribu kwenye mkutano wa mwaka Mbale, ikienda vizuri matawi yote mawili yataacha daftari, ikiharibika nitafute kazi nyingine. Alitaka mambo mawili tu: wanachama waliofariki mwaka huo waonekane ukutani kwa projekta watu wakisimama dakika moja kuwakumbuka, na walio hai ambao hawakufika bila ruhusa waandikwe kwa herufi nyekundu chini ya lile neno la kambini, WATORO.

Nilifanya kazi na msaidizi wa AI, ile unayoiambia unachotaka kwa maneno ya kawaida nayo inakuandikia msimbo wa programu, na kweli kazi ya mwezi iliisha kwa siku nne, nikaanza kutembea kama injinia. Shida ilikuwa orodha ya majina. Iliandikwa na makatibu wawili, na kwetu huku r na l hubadilishana viti bila kuombana ruhusa, mtu ni Lobati akiwa Jinja na Robati akifika Mbale. Basi nikajiona mjanja sana, nikaiandikia: unganisha majina yanayofanana, r na l hesabu ni kitu kimoja. Ikaunganisha, ikasema imepata jozi kumi na moja za majina ya namna hiyo na ingefaa nizipitie moja moja kabla ya kuendelea. Sikuzipitia. Siku hiyo nzima nilikuwa napima unene wa mstari unaozunguka picha za wanachama (ulikuwa mzuri, huo mstari, hakuna aliyeulalamikia).

Katika mojawapo ya jozi hizo walikuwamo Elisa Magala wa Wanyange, upande wa Jinja, ambaye alikuwa amefariki, na Erisa Magara wa Malukhu, pale pale Mbale, ambaye alikuwa hai na ndiye aliyefika ukumbini wa kwanza. Programu iliwafanya mtu mmoja, ikachukua jina na picha ya huyu na kifo cha yule.

Mwenyekiti akaamuru watu wasimame kuwakumbuka marehemu, wakasimama wote, na Mzee Erisa mstari wa mbele akavua kofia, akainamisha kichwa, akaanza kujiombolezea mwenyewe bila kujua. Picha yake ilikuwa ukutani juu yake, kubwa kama mlango, inacheka. Nilisikia mtu nyuma anakohoa kikohozi cha uongo. Mzee akainua macho, akaangalia, akavaa kofia.

"Kijana," aliniambia taratibu, "mimi nakufa siku gani? Bibi yangu hakuniambia."

Kabla sijajibu, Mama Janeti, mjane wa marehemu mwenyewe, aliyetoka Wanyange asubuhi ile kuja kusikia jina la mumewe likitajwa, akasema hapana, huyo si mtu wake. "Bwana yangu alikuwa mzuri," akasema. "Si sura hii."

"Pole na msiba, mama," Mzee Erisa akamjibu, "lakini wacha kunitukana, na mimi niko marehemu."

Ukumbi ulicheka, hata mimi nikacheka kwa woga, na hapo ningenyamaza tu nikaomba msamaha. Lakini mimi siwezi kuona kosa nikaliacha likae dakika tano, kwa hiyo nikainamia laptopu na kuandika haraka, nimesahau kwamba kila ninachoandika kinaonekana ukutani: mfufue Erisa sasa hivi. Mtu akasema amina. AI ikauliza kwa adabu kama iwarudishe wote waliomo kwenye orodha ya marehemu wawe wanachama hai, na mimi, jasho likiingia machoni, nikabonyeza ndiyo bila kusoma (mara ya pili, ndiyo, mara ya pili). Mzee Erisa akafufuka, watu wakapiga makofi. Kisha marehemu wengine sita nao wakafufuka, na kwa kuwa walikuwa hai na hawakufika mkutanoni, wakatokea wote kwa herufi nyekundu chini ya WATORO, wa kwanza akiwa mzee aliyeanzisha chama.

Hapo hakuna aliyecheka.

"Huyu tulimzika kwa kumpigia bunduki hewani, kwa heshima," mwenyekiti akasema. "Leo unamfanya mtoro."

Akaifunga laptopu yangu kwa mkono wake, akafungua daftari, akasoma majina ya marehemu mwenyewe, na la Elisa alilisoma kwa l iliyonyooka kabisa. Mchana walipiga kura: Jinja wakabaki na daftari, Mbale wakanipa nafasi moja tu ya kujaribu tena. Wakati wa kula nilimfuata Mama Janeti kumwomba msamaha, akatoa kwenye mkoba picha ndogo ya mumewe na kunionyesha. Nakiri, alikuwa mzuri kweli.

Bado natumia AI, na bado inanipunguzia kazi nyingi. Kilichobadilika ni kwamba nasoma kila mstari inaoniandikia, na majina mawili yakifanana siyaunganishi mpaka nimepiga simu kwa wenyewe. Kabla ya kila mkutano nampigia na Mzee Erisa. Hanisalimii, anasema tu, "Bado niko," kisha anakata.