Damu ya Mama Riziki Ilivyonishinda Kazini

Siku ya kwanza kazini, kabla sijaonyeshwa hata msala uko wapi, nilitolewa damu. Zilikuwa zama za serikali ya wanajeshi, na maabara yetu ya virusi hapa Kampala ilikuwa imekimbiwa na watu. Mimi nilikuwa na cheti cha sekondari na uvivu wa kusafiri; kilima cha Mbuya tu kwangu kilikuwa ng'ambo. Kazi ya ndani ilinifaa.

Tulianza wawili, mimi na Mama Riziki, mkimbizi kutoka Bukavu. Daktari Mkuu akatufunza.

"Kirusi hakina jiko lake. Huingia ndani ya chembe ya mwili, yaani seli, kikapika humo watoto wake. Chembe ikifa, watoto wanavamia za jirani, ndiyo maradhi. Homa ni mwili unaopigana. Ukipona, damu hubaki na kingamwili, yaani askari wanaomjua adui yule."

Neno askari alilisema kwa sauti ya chini.

Kupima tulichanganya maji ya damu ya mtu na virusi vya homa ya msituni, iletwayo na mbu, tukamimina kwenye chupa yenye chembe hai. Palipo na kingamwili, chembe hupona. Mama Riziki aliwahi kuugua homa hiyo utotoni, na chupa yake ilipona. Yangu ilikufa yote.

"Ndugu yangu," alinicheka, "weye hata mbu hawakujui."

Ndani ya chumba cha virusi mlikuwa na cheo cha fundi. Chanjo ya homa ile haikuwepo, kwa hiyo aliruhusiwa kuingia mwenye kingamwili tu. Nilikitaka chumba kile kuliko mke. Na kila Mama alipotolewa damu alipewa chai yenye sukari, wakati Kampala nzima sukari ilikuwa hadithi. Nilimwonea wivu mpaka kwenye mishipa.

Basi nikajitolea kwenda na wakamata mbu. Unakunja suruali, unakaa msituni, mbu akitua mguuni unamfunika kwa kichupa kabla hajauma. Mimi niliwaacha washibe.

"Ssebo, bwana wee, umelala?" msimamizi akauliza.

"Namlenga."

Homa ikaja. Nikatetemeka kitandani kwa raha, nikijiona fundi tayari. Daktari Mkuu akainamia darubini yake.

"Malaria," akasema. "Kijidudu chake hiki hapa nakiona. Kirusi ni kidogo mno, darubini hii haikioni. Meza klorokwini, urudi kazini."

Chumba akapewa Mama Riziki. Mimi nikafanywa damu ya kulinganishia.

"Chupa yako isipokufa," Mkuu alinifariji, "tutajuaje kwamba kirusi kilikuwa hai?"

Kweli tupu, wala haikunipoza. Nikafa chupani hivyo mpaka nikastaafu.

Sasa nakaa Ntinda, na Mama Riziki huja kututembelea. Vijana mnaosoma haya, mkitaka kujua virusi, muulizeni yeye. Wajukuu wangu hawaniulizi mimi. Wanamzunguka akiwasimulia jinsi damu yake ilivyokuwa ikivishinda virusi. Kisha mmoja hunigeukia.

"Na yako, Jjajja?"

Huwaambia chai inapoa.