Winga Aliyeacha Krosi

Misimu mitatu nilicheza nyuma ya Mkasi, mimi beki wa kushoto na yeye winga wa upande huohuo, kwa hiyo mgongo wake naujua kuliko uso wake. Jina hilo tulimpa chumba cha kubadilishia nguo siku ya kwanza alipovua suruali tukaiona ile miguu, mirefu, myembamba, kama imeshikana juu tu. Hakukasirika. Aliifungua na kuifunga mbele yetu kama anayekata kitambaa, na chumba kizima kikacheka. Alikuwa bado hajafika miaka ishirini. Mimi nilikuwa nimepita thelathini na walikuwa wameshaanza kuniita Babu. Mbele za watu na yeye aliniita hivyo. Tukiwa wawili aliniita kaka.

Kazi yake ilikuwa moja na aliiweza. Alikuwa akishuka na mpira pembeni hadi karibu na kibendera cha kona, anamwacha beki wa watu amekaa chini, halafu anauinua mpira uende kwa Mnara. Mnara alikuwa mshambuliaji wetu wa kati, mtu mrefu asiyependa maneno. Uwanjani alikuwa na neno moja tu: "Leta." Hakulisema kwa kelele. Mkasi aliniambia hata jukwaa likiunguruma vipi, neno hilo lilimfikia. Basi alileta, na Mnara alifunga, na mabeki wa timu nyingine wakawa wanaumwa ghafla wiki ya kucheza na sisi.

Nje ya uwanja Mnara alimchukua kama mdogo wake. Mnara alikuwa akiishi na dada yake, fundi cherehani, na kila siku ya mapumziko Mkasi alikula kwao. Dada ndiye aliyekuwa akimpunguzia suruali kiunoni, akimtania kwamba hajawahi kushonea mlingoti wa bendera. Mtoto yule alikuwa ametoka mbali na kwao, na pale alipata nyumba.

Mechi yenyewe ilikuwa ya kawaida, mchana, tukiwa nyumbani, mabao yakiwa moja kwa moja. Mpira nilimpa mimi. Akamzunguka beki wake, Mnara akasema lile neno lake, krosi ikapaa. Ilikuwa krosi nzuri, na nitasema hivyo mpaka naingia kaburini. Tatizo kipa wao naye aliiona ni nzuri, akatoka. Mnara aliufikia mpira kwa paji la uso, na goti la kipa likamfikia Mnara. Nilikuwa mbali lakini mlio niliusikia. Mpira uliingia wavuni, na kwa muda mfupi sana watu walishangilia.

Mkasi alikuwa bado palepale pembeni, mikono juu. Alichelewa kuishusha.

Mnara hakufa. Alilazwa muda mrefu, akarudi kwa dada yake akitembea, akila mwenyewe, akiitikia salamu. Ila akili yake haikuondoka kwenye ile mechi. Dada alimweka kwenye kiti karibu na dirisha, kando ya cherehani, ili amwone akiwa anafanya kazi. Mara ya kwanza nilipoenda kumwona na Mkasi, alitutazama, akaniruka mimi, macho yakatua kwa Mkasi.

"Ngapi ngapi?" akamuuliza.

Mkasi akamjibu, "Mbili moja. Tumeshinda, kaka. Wewe ndiye uliyefunga."

Mnara akatabasamu kama mtu anayefurahia utani wa mtoto. "Bado," akasema. "Wewe leta tu. Leta."

Kuanzia hapo mambo yaligeuka kwa namna ambayo watu wa nje waliiona ni baraka. Mkasi aliacha kupiga krosi. Alikuwa akifika kwenye kibendera, anainua kichwa, na mguu unakufa ganzi. Akaanza kukata kuingia ndani kwa mguu wa kulia, mguu ambao zamani alikuwa akiutumia kupandia ngazi tu. Alibaki peke yake baada ya mazoezi akipiga mpira ukutani hadi mtunza uwanja amfukuze. Msimu ule alifunga mabao kuliko mshambuliaji yeyote wetu. Redioni wakasema tumepata winga wa kisasa. Mtangazaji mmoja akamuuliza mtindo huo ameutoa wapi, akajibu, "Mazoezi tu." Nilikuwa nimekaa kando yake. Nilimwona akifuta viganja kwenye magoti.

Kona aliniachia mimi. Kocha alidhani ni heshima kwa mkubwa.

Kambini tulilala chumba kimoja, na asubuhi moja tukiwa tunafunga viatu aliniambia bila kuniangalia, "Kaka, bado ananiita."

"Nani?"

"Unamjua. Nikifika kule chini nasikia kabisa, sauti yake, pale boksi. Naangalia, naona ni mtu mwingine amesimama. Lakini sauti ni yake."

Nilimwambia ni uchovu, kitu ambacho hata mimi sikukiamini. Alitikisa kichwa polepole, akaendelea kufunga kamba, akafunga na nyingine juu ya ile ile.

Kila siku ya mapumziko alikwenda kwa Mnara. Hakukosa hata mara moja. Alimnyoa nywele, alimkata kucha, alimsimulia mechi za wiki. Na kila mara aliulizwa ngapi ngapi, akajibu mbili moja, akaambiwa alete. Wachezaji wenzetu walimsifu kwa moyo huo. Mama yake mzazi alimpigia simu kumwambia kwamba amelelewa akaleleka.

Halafu klabu kubwa ikamnunua. Tulimwagia maji kumuaga, akacheka kama zamani, nikafikiri labda huko mbele sauti haitamfuata. Lakini kocha wa kule alikuwa na mshambuliaji mrefu, tena mwenye kichwa cha kufungia, na alichotaka kwa winga wake ni krosi. Alimwambia mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili alimsimamisha mbele ya timu nzima na kumwuliza kama amefunga ndoa na mguu wa kulia. Wenzake wakacheka. Mara ya tatu hakumwambia kitu, alimweka benchi, na hapo benchi Mkasi alikaa hadi magazeti yakaanza kusema amevimba kichwa.

Kwa Mnara hakuwa ameacha kwenda. Siku moja alinijia nikiwa nimeshastaafu, nina duka la viatu vya michezo. Alikuwa amekonda zaidi, kitu nilichodhani hakiwezekani. Akasema, "Kaka, twende kwa Mnara. Peke yangu leo siwezi."

Tulimkuta dada mtu nje anaanika nguo. Tulipomwamkia aliitikia, lakini hakutufungulia njia. Alishika kibanio mkononi akamwangalia Mkasi kwa muda.

"Mdogo wangu," akasema, "nimekuwa natafuta namna ya kukuambia hili nikashindwa, kwa sababu wengine wote wameacha kuja, umebaki wewe. Leo kaka yako yupo, afadhali nikuambie. Usije tena."

Mkasi aliutazama mlango.

"Ukiondoka hapa halali," dada akaendelea. "Usiku wote anasimama katikati ya chumba, shingo juu, anangoja mpira. Namshika, ananisukuma. Siku inayofuata hivyo hivyo. Inakuja siku ya nne, ya tano, anaanza kutulia, ananishikia kitambaa nikikata, anauliza mambo ya nyumbani. Nafurahi. Halafu unakuja."

"Nilidhani anafurahi kuniona," Mkasi akasema.

"Anafurahi. Hilo ndilo linalomuumiza. Akikuona wewe anaona mechi. Sikulaumu, na krosi yako sijawahi kuilaumu hata siku moja, nataka ulijue hilo. Ila mwanangu huyu nimemzaa uzeeni, na nataka alale."

Alikuwa anamwita mwanangu kaka yake wa kuzaliwa, na hakuna aliyemsahihisha.

Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona Mnara kwenye kiti chake, anatazama upande mwingine. Mkasi naye alimwona. Alipiga hatua moja kuelekea mlangoni, akasimama. Kisha akaokota shati kwenye beseni, akalikung'uta, akalianika, akaokota jingine. Tulianika nguo zote sisi watatu, kisha mimi na Mkasi tukaondoka.

Njiani aliniuliza swali moja. "Kwa hiyo muda wote huu, mimi ndiye niliyekuwa namsumbua yeye?"

Nilimshika bega, tukaendelea kutembea.

Hakwenda tena. Ilimgharimu kuliko wengi walivyojua, maana siku ya mapumziko alikuwa akinipigia simu na kuzungumza mambo yasiyo na kichwa wala miguu ili tu saa zipite. Mwisho wa msimu, mtu ameumia, kocha akamwingiza dakika za mwisho kwa kukosa mwingine. Niliitazama mechi hiyo nikiwa dukani. Alishuka hadi kwenye kibendera. Nikaona anainua kichwa, nikaona mguu unasita, na mteja akaniuliza bei ya kiatu nisimsikie. Akaupiga, kwa kushoto, juu. Yule mshambuliaji mrefu akaruka na kuupaisha nje, akaanguka, akainuka akimwonyesha kidole gumba. Kamera ilirudi kwa Mkasi. Alikuwa amejikunyata chini, mikono magotini, anamtazama mwenzake akitembea.

"Ulisikia?" nikamuuliza baadaye kwenye simu.

"Nilisikia. Nasikia mpaka sasa. Nikaona nikisubiri iishe ndipo nicheze, sitacheza."

Tangu hapo amekuwa winga wa kawaida, mzuri, wa kutegemewa. Anapiga krosi. Mabao hafungi sana, redio imempata mwingine wa kumsifu. Akishapiga mpira wa juu hawezi kurudi nafasi yake mpaka walioruka wote wasimame, na mabeki wa nyuma yake wanamgombeza kwa hilo. Mimi ningemgombeza pia.

Dada mtu nilikutana naye majuzi, alikuja dukani kununua raba za Mnara. Akasema analala vizuri siku hizi, amejifunza kupiga pasi, wateja wanamsifu. Nikamwambia Mkasi anawasalimu. Akasema alijaribu kumtajia Mnara jina hilo, taratibu, aone itakuwaje. Mnara alifikiri sana, akamuuliza, "Huyo ni mteja wetu?"

Nilikaa na habari hiyo siku kadhaa kabla ya kumpigia Mkasi.

"Vizuri, kaka," akasema nilipomweleza. Halafu akaniomba nimsimulie tena, toka mwanzo, jinsi Mnara alivyouliza.