Nilimpokonya Ami ufunguo wa boti

Leo nimemfokea mtu niliyemwamkia shikamoo nusu saa kabla.

Injini ya boti ya tanga ninayoitunza hapa Kilifi iligoma kuwaka, nikamwita Ami yangu, ndugu wa baba, fundi wa malori kule Tezo. Akapiga stata. Akapiga tena. Na tena.

Kwa lori si neno. Lakini boti hii hupoza moshi kwa maji ya bahari, na kila ukipiga stata, pampu huyavuta. Injini isipowaka, hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Silensa ya bomba la moshi hujaa, kisha maji hurudi ndani ya injini. Hapo imekufa.

"Ami, acha!" Nikampokonya ufunguo.

Hata kunitazama hakunitazama.

Nikafunga koki ya maji ya bahari, nikafungulia silensa. Yakamwagika maji ndoo nzima, jamani!

Ami akatoa upepo ulioziba njia ya dizeli. Nikapiga stata, ikawaka. Nami nikaanza kumsomesha: "Ukiona maji yanatemwa kule nyuma, ujue injini iko salama."

Akaenda nyuma, akainama kutazama.

"Mwanangu, mbona hayatoki?"

Koki! Nilikuwa sijaifungua. Nikaizima injini haraka.

Haya, nichekeni. Ami hakucheka, wala hakunifokea.

Alininyooshea kiganja tu, nimrudishie ufunguo.