Mtego Uliofuliwa

Mimi kazi yangu ni kuwinda mbung'o. Nikisema hivyo kwenye karamu ya harusi watu husogeza sahani zao, wakidhani nimekuja nao mkobani. Lakini sijapata kuona mdudu mzuri kama huyu. Akitua hulaza mabawa yake moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa. Hatagi mayai ovyo kama nzi wengine. Hubeba mtoto mmoja tu tumboni, akamlea humo humo kwa maziwa mpaka awe tayari kuzaliwa. Siku niliyosoma jambo hilo chuoni niliinuka kitini nikazunguka maktaba nzima, nikitafuta mtu wa kumwambia. Aliyekuwapo ni mlinzi, na nikamwambia.

Ubaya wake ni kwamba hunyonya damu, na katika kunyonya humwachia ng'ombe vimelea vya ugonjwa wa nagana. Nilimjua kwa ubaya huo kabla sijamjua kwa uzuri. Shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea Mkongani, alikuwa na ng'ombe wanne nilipokuwa shule ya msingi. Nagana ilichukua watatu. Wa tatu alianguka mbele yangu nikiwa na sare za shule, na shangazi akanituma niende darasani nisije nikachelewa. Nilikwenda, na nadhani sijarudi bado kutoka kwenye swali nililokwenda nalo asubuhi ile, la nini kilichokuwa kikiwaua.

Basi kituo cha utafiti ninakofanya kazi kiliponipa eneo la Mkongani, nilipiga kelele ofisini hata mkuu wangu akatoka kuuliza kama nimeumwa na nyoka. Nilitega mitego sita kandokando ya msitu. Mtego wenyewe ni kitambaa cha buluu na cheusi kilichoning'inizwa kwenye mti, na juu yake chandarua cheupe chenye chupa kileleni. Mbung'o huipenda buluu. Huiona kwa mbali, huifuata, hutua kwenye cheusi, kisha hupanda kuelekea kwenye mwanga na kujikuta chupani. Chini ya mtego tunaweka chupa nyingine, ya mkojo wa ng'ombe uliovunda siku kadhaa. Kwa mbung'o, harufu ile ni pilau.

Mtego mmoja niliuweka kwenye ukingo wa shamba la shangazi, pale vichaka vya msitu vinapoanzia. Nilimpa amri moja tu, kwa sauti yangu ya kitaalamu.

"Shangazi, chupa hii ya chini usiiguse hata kidogo."

"Siigusi, mwanangu," akasema, huku ameziba pua kwa ncha ya leso yake.

Kila Jumamosi asubuhi nilipita kukusanya. Mitego mitano ilikuwa na mbung'o. Wa shangazi haukuwa na hata mmoja. Juma la kwanza nilidhani nimeutega vibaya, nikausogeza. Juma la pili nikaukagua uzi kwa uzi. Kufika juma la sita nilikuwa nimekwisha kupata jibu, na jibu lilikuwa tamu mno kuliacha. Shangazi alikuwa amefyeka vichaka vingi mwaka uliopita. Bila shaka mbung'o walikuwa wamekosa kivuli, wakahama. Je, mtu angeweza kuwafukuza kwa panga tu? Nilimwandikia mkuu wangu ujumbe mrefu uliojaa alama za mshangao. Akanijibu neno moja, "Subiri." Mimi na neno hilo hatujawahi kuelewana.

Shangazi alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja, wa rangi ya kahawia mwenye doa jeupe usoni, binti wa yule aliyepona zamani zile. Alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kila mwezi shangazi alimwongoza mpaka Kombani akapakwe mgongoni dawa ya kuua mbung'o, mwendo wa kutoka alfajiri hadi karibu na adhuhuri, na wote wawili walikuwa wazito. Nilimwonea huruma.

"Mpumzishe, shangazi. Hapa kwako mbung'o hawapo. Nimewahesabu."

"Una hakika? Mbona ng'ombe anapiga mkia?"

"Hao ni nzi wa kawaida. Mbung'o ninawajua mimi."

Alinitazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Ilikuwa mwezi wa pili baada ya mazungumzo hayo nilipomkuta ng'ombe manyoya yamesimama, macho yanatoka machozi, mbavu zinahesabika. Nilimtoboa sikio, nikachukua damu katika kijibomba cha kioo, nikaizungusha kwenye mashine yangu ndogo ya betri, na nikaketi barazani kwa shangazi na hadubini juu ya meza ya chai. Nikawaona. Walikuwa wakiogelea katikati ya chembe za damu, wembamba, wakijipinda na kuzisukuma chembe huku na huku kwa nguvu ya ajabu. Kwa sekunde moja nilifurahi. Nasema ukweli: nilifurahi kwa jinsi walivyokuwa wazuri na wengi, na nilitaka kumwita mtu aje aone. Kisha nikakumbuka damu ile ni ya nani. Sekunde ile naionea haya mpaka leo.

Nilimdunga ng'ombe sindano palepale. Shangazi alimshika pembe, akauliza, "Ni ule ugonjwa?" Nikasema ndio. Akamwachia pembe, akaenda kumletea maji; afadhali angenigombeza.

Sasa mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira zangu zilitaka mtu wa kulaumiwa. Kama mbung'o walikuwapo na mtego haukuwakamata, basi kosa lilikuwa la kitambaa cha mtego ule mmoja, na kitambaa kilishonwa na fundi cherehani mmoja wa Kombani. Buluu ya mtego si buluu yoyote. Ziko buluu mbili ambazo jicho la mtu haliwezi kuzitofautisha, na mbung'o akaifuata moja na kuikimbia nyingine. Nikauvua mtego mtini, nikaukunjakunja kwapani, nikaenda Kombani nikitokota.

"Mzee, umenibadilishia kitambaa!" nilisema kabla hata sijatoa salamu.

Fundi aliinua mguu kwenye cherehani, akanitazama juu ya miwani. "Shikamoo huitoi siku hizi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Sasa kaa, ndipo unitukane vizuri."

Akatoa kipande kilichobaki cha robota lilelile, akakiweka kando ya mtego. Vilikuwa sawa, mfumo uleule, pindo lilelile. Yeye akaushika mtego, akausugua kwa vidole, akauleta puani. Akanusa tena. Akaanza kucheka mpaka miwani ikamtoka.

"Mwanangu, nguo hii imefuliwa. Tena si mara moja. Na imefukizwa udi. Mbung'o wako umewaalika arusini?"

Nikaichukua nikainusa. Kweli, udi mtupu! Kwa miezi yote ile niliushika mtego ule kwa mikono yangu, na sikusikia harufu yoyote, kwa kuwa ilikuwa harufu ya nyumba iliyonilea. Ndiyo iliyokuwa kwenye sare zangu za shule na kwenye mashuka yangu ya bweni. Fundi, mtu wa nje, aliipata kwa mnuso mmoja.

Sijui nilirudije Mkongani. Nakumbuka nilimkuta shangazi akimchanganyia ng'ombe pumba, nikamwuliza moja kwa moja kama alifua mtego.

"Kila Ijumaa," akasema, tena kwa fahari. "Naufua kwa sabuni ya unga, ile inayong'arisha. Ukikauka nautandaza juu ya tenga, chetezo cha udi chini yake, kisha naurudisha mtini vilevile ulivyouweka. Watu wapite njiani waone nguo ya mtoto wetu imejaa vumbi na mavi ya nzi? Na ile chupa yako inanuka, ndiyo maana ya udi."

"Shangazi, nilikwambia usiguse!"

"Uliniambia nisiguse chupa. Chupa sijaigusa. Nguo hukuniambia."

Alikuwa na haki kabisa. Nilikuwa nimempa amri badala ya maelezo, yeye aliyeishi na mbung'o miaka mingi kuliko umri wangu. Nililia kidogo, na katikati ya kulia nikahisi kitu kingine kikinipanda, na ole wangu, kilikuwa furaha. Maana sabuni za kung'arisha huacha mng'aro kwenye nguo. Sisi tunauona kama usafi tu. Mbung'o huenda akaona rangi nyingine kabisa, rangi ya kumkimbiza! Au ulikuwa udi? Au vyote viwili?

Nikamweleza shangazi kila kitu, safari hii kuanzia mwanzo: kwa nini buluu, kwa nini mkojo, kwa nini mbung'o hupanda kwenye mwanga. Alisikiliza mikono ikiwa ndani ya ndoo ya pumba. Nilipomaliza akauliza swali ambalo mkuu wangu angeliuliza baada ya vikao viwili.

"Sasa utajuaje ni sabuni au ni udi, ikiwa mimi nilivitia vyote pamoja?"

Nilimkumbatia na pumba zake. Kesho yake fundi alitushonea mitego minne mipya bila kuacha kutucheka. Mmoja tuliuacha ushike vumbi lake. Mmoja tuliufua tu. Mmoja tuliufukiza tu. Wa nne ulipata vyote. Kila asubuhi tuliibadilishia miti kwa zamu, ili mti mzuri usiupendelee mtego mmoja, na hilo la zamu shangazi alilielewa upesi kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha. Alinifokea siku niliyosahau kuhamisha mmoja.

Zilikuwa siku za raha zisizo na mfano. Nililala kwake, nikaamka kabla ya kuitwa, tukaenda mitegoni miguu ikiwa na umande. Chupa ya mtego mchafu ilijaa mbung'o wakivuma. Ule uliofukizwa tu nao ulikuwa na wengi. Udi wa shangazi haukuwashughulisha. Lakini iliyofuliwa, yote miwili, ilikuwa karibu tupu, siku baada ya siku, mti baada ya mti. Sabuni! Nilirukaruka shambani kama niliyeingiwa na siafu. Mkuu wangu nilimpigia simu, naye safari hii hakusema subiri, alisema, "Rudia tena, nakuja." Shangazi aliuliza kama tunaweza kumshonea ng'ombe shuka, tukaifua kwa sabuni ile tukamvika. Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, nikaliandika swali lake daftarini.

Ng'ombe alikuwa ameanza kula. Macho yalikuwa yamekauka, na nilipomwangalia damu vimelea havikuwapo tena. Nilijiambia tumepona.

Asubuhi ya siku ya nane tulirudi kutoka mitegoni tukamkuta amelala nyuma ya banda, na kando yake ndama, aliyetoka kabla ya wakati wake, manyoya hayajaota vizuri. Hakuwa na uhai. Nagana huwafanyia hivyo wenye mimba. Ni jambo ninalowafundisha wengine. Shangazi aliinama akamfuta ndama uso kwa leso yake. Kisha akachimba shimo yeye mwenyewe, akanikataza nisimshikie jembe.

Alipokwisha kunawa alikuja kuketi nami barazani. Daftari langu lilikuwa wazi mezani.

"Mbung'o wote umewaandika humo?"

"Wote."

"Na ndama wangu umemwandika wapi?"

Nikafunua kurasa, na sijui nilikuwa natafuta nini, kwa sababu nilijua hayumo. Daftari lilikuwa na safu ya mti, safu ya mtego, safu ya mbung'o dume na jike. Yeye hakuwa na mahali.

"Mwandike," akasema.

Nikarudi kwenye kurasa za mwanzo, kwenye mtego wa shambani kwake, pale zilipokuwa sifuri zangu juma baada ya juma. Chini ya sifuri ya mwisho nikaandika. Shangazi hujua kusoma herufi za Kiarabu tu, zile za madrasa, kwa hiyo akaniambia nimsomee.

"Ndama mmoja," nikasoma. "Jike. Amekufa kwa sababu nilisema mbung'o hawapo."

Akatikisa kichwa taratibu, akaniangalia mpaka nikafuta macho. Kisha akainuka, akajifunga leso kiunoni.

"Haya, twende," akasema. "Hatujahamisha mitego, na ule mchafu leo zamu yake ni mti wa mwisho."