Bei ya Kwenye Kioo na Maharage ya Mama Joselina

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mugoma, nilikabidhiwa bambo, kile kichuma chenye ncha cha kuchomea gunia ili punje zitoke uzione bila kulifungua. Mkuu wa Ghala, mzee asiyecheka ovyo, akanipa punje ya harage. "Ng'ata." Niling'ata, ikabaki alama ya jino. "Hiyo mbichi. Ikikatika kwa mlio, nunua. Na usiniletee habari za bei. Niambie leo wameingia wanunuzi wangapi."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mnunuzi wa mazao: kuhesabu malori, kuona nani kafunga turubai mapema, kusikiliza watu wa mpakani wanataka nini wiki hiyo. Baadaye nikahamishiwa ghala la Biharamulo. Huko Meneja wa Ununuzi, msomi kwelikweli, alikuwa ametundika runinga ukutani, kutwa vipindi vya biashara, bei zikipita chini ya kioo. Loo, nilinogewa! Nilipopelekwa Murusagamba kuwa msimamizi wa kituo, nilinunua runinga hata kabla ya kitanda. Sokoni, nilikokuwa nikifika alfajiri, nikawa nafika saa nne.

Sitaki kuionea. Ikitangaza mafuta yamepanda, nilijua nauli za malori zitafuata, nikajipanga. Kwa hilo ilinifaa.

Sasa akaja Mama Joselina, mjane wa kule bondeni, na magunia sita ya maharage mchanganyiko. Binti yake Joselina alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, anatakiwa kuripoti Jumatatu na ada mkononi.

"Baba, nipimie niwahi."

Nikamgeuzia kioo. "Mama, huoni maharage yanavyopanda? Vumilia wiki mbili. Chuo hakihami."

Alitazama zile namba, kisha akanitazama mimi. "Wewe ndiye unayejua."

Nilikuwa sijui kitu. Bei ile ilikuwa ya maharage ya njano, huko jijini. Mchanganyiko wetu walinunua watu wa mpakani tu, nao walijaza malori yao asubuhi ileile, mimi nimekaa kitini naangalia namba. Mtangazaji hakudanganya. Mjinga ni mimi, sikuuliza ni maharage gani.

Wiki mbili zikapita, lori hakuna. Meneja naye akazuia ununuzi, kwa kuwa mteja hayupo. Mwezi wa pili tangu aje, nilichoma bambo magunia yake, punje zikatoka na vitundu vya fukusi. Chuoni nafasi ya Joselina alishapewa mwingine. Mama yake hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nimestaafu, nakaa Rulenge. Vijana wanaonunua mazao huniuliza, "Mzee, tufuatilie runinga?" Nawaambia waitazame wakishatoka sokoni, siyo kabla. Wanacheka, wanarudi kwenye simu zao.

Joselina anauza nyanya karibu na kwangu. Juzi nilipita pale nikikohoa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

Aliacha mizani, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akanishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo. "Una homa, na pumzi inakwenda mbio. Hicho ni kifua. Usilale nayo, nenda hospitali leo."

Nikaenda. Wakanipima kwa vyombo vyao vyote, wakaniambia lilelile.