Fundi Mwanakuu na Tundu Lisilowaka

Saa kumi na moja alfajiri, kifuniko cha birika kinagongagonga jikoni kwa Fatemabai, mtaa wa Kuze. Chumbani, Mwanakuu Mzamil amepiga magoti nyuma ya kompyuta, tochi mkononi. Kitaa cha kijani kando ya tundu la waya wa mtandao hakiwaki.

Fatemabai, mwenye miaka 71, yumo edani. Leo ni arobaini ya mumewe, na binti yake Zahida, aliye Kanada, hakuwahi maziko. Kila alfajiri wamekuwa wakimsomea marehemu Yasini wakitazamana kwenye kioo cha kompyuta, hadi mtandao ulipokatika. Simu haishiki vyema ndani ya kuta hizi nene za mawe, na fundi mwanamume haruhusiwi kuingia chumbani kwa mjane aliye edani.

Kuwatengenezea wanawake kama hawa kompyuta na mtandao ndiyo kazi ya Mwanakuu kwa miaka kumi na saba. Huzuru nyumba sita kwa siku, ngazi juu ya ngazi, na siku njema hurudi na shilingi 1,200.

Juzi alibadilisha waya, kitaa kikawaka, akaondoka. Baada ya saa moja kikazima.

“Nilikosea,” anakiri. “Nilichoka, sikungoja.”

Leo habahatishi. Anauchomeka waya uleule kwenye kompyuta yake ya mkononi, na kitaa cha hiyo kinawaka. Basi waya ni mzima, na kule unakotoka pia. Anaurudisha mahali pake: giza. Anamulika ndani ya tundu. Pini zake zimeota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi.

“Tundu ndilo lililokufa, Bai.”

Fatemabai anachukua mto. Anausukuma chini ya magoti ya fundi.

Mwanakuu anatoa mkobani adapta ndogo, anaipachika kwenye tundu jingine la kompyuta, na waya anauchomeka humo. Kitaa kinawaka. Safari hii anangoja, hadi chai inapoa. Hakizimi. Zahida anatokea kiooni, msahafu kifuani, na Mwanakuu anatoka chumbani kwenda jikoni kimya kimya.

Anatamani kuwafundisha wasichana wawili wa mtaani kazi hii. “Wajane hawatakwisha,” anasema akijikanda goti, “lakini magoti yangu yanakwisha.”

Yasini ikiisha, Fatemabai anamfuata hadi mlangoni, macho mekundu.

“Njoo tena, mwanangu. Usingoje kitu kiharibike.”